Mbuzi Kwa Jiko, Picha Kwa Ukuta: Venye Shoo ya Wanafunzi wa Sanaa Hufanya Kazi, na Kwa Nini Inafaa Ifike Kikopey

Kama umewahi tumia barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, Kikopey unaijua. Ukishatoka Gilgil tu, jamaa wa koti jeupe wanaanza kukupungia mikono utadhani uliwakopa doh. Kila mmoja anaapa kwake ndio kuna mbuzi fiti. Unasimama, unachagua mguu, unapimiwa, unaambiwa "dakika ishirini tu mkubwa", halafu unakaa karibu saa nzima ukisukuma simu na kidole.

Hiyo saa nzima ndio imenifanya niandike hii stori.

Kila mwaka vyuo hutoa vijana waliosomea kuchora, kuchonga, kufinyanga na kuchapa. Kabla waende, kuna maonyesho ya pamoja, kazi za darasa lote kwa kuta za chumba kimoja. Wewe na mimi hatuendangi. Tunadhani ni mambo ya wadosi, ama wazungu wa Nairobi walioshika glasi ya divai wakiitikia kwa kichwa. So leo acha nikufungulie hiyo kitu polepole: ni nini, inapangwa aje, bei inatoka wapi, na kwa nini mimi naona shoo kama hiyo ingeshika vizuri hapa Kikopey kuliko mahali pengi.

Mtihani uko kwa ukuta

Kwanza tuelewane, hii si ile siku ya gauni na keki. Msee wa uhasibu anamaliza chuo na karatasi na kalamu. Msee wa sanaa, sehemu kubwa ya mtihani wake anaitundika. Mwaka wa mwisho anachagua kitu kimoja kinachomsumbua, anakifanyia kazi miezi kadhaa, anaandika maelezo, halafu anaweka kila kitu wazi. Walimu wanapita wakiangalia na kuuliza maswali, mara nyingi wakiwa na mtahini ametoka chuo kingine. Mambo ya alama yakiisha, mlango unafunguliwa kwa wengine wote. Ukiingia hapo, jua unatembea ndani ya karatasi ya mtihani ya mtu, na mwenyewe amesimama kwa kona akijifanya hakuoni.

Mimi chuo niliwachia njiani, kwa hivyo mtihani wangu wa mwisho hakuna mtu aliwahi uona. Labda ndio maana hii kitu hunibamba. Fikiria maswali yako ya mwisho wa chuo yatundikwe, na mathe, jirani, ex na fundi wa viatu wote wapite wakiyasoma.

Kenya, sanaa kwa kiwango cha digrii inasomwa mahali kama Kenyatta University na University of Nairobi, na kuna Buruburu Institute of Fine Arts kwa wale wa diploma. Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, kule Mikocheni, wenye wana akademi yao. Lakini babu wa hii stori yote ukanda wetu ni Makerere, Kampala.

Huko kulikuwa na mama Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha kuchora na kuchonga mwishoni mwa miaka ya 1930, darasa la kwanza likiwa kwa baraza ya nyumba yake. Miaka miwili tu baadaye, 1939, kazi za wanafunzi wake zilikuwa zimefika London, zikaonyeshwa Imperial Institute. Sasa pima hiyo. Wanafunzi ambao hakuna mtu Kampala alikuwa anawahesabu kama wasanii, kazi zao zinavuka bahari kama kundi. Mmoja wa wanafunzi wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, Mkenya. Ule mnara wa uhuru uko katikati ya Kampala, mama amebeba mtoto juu, ni kazi ya mkono wake, 1962. Baadaye Maloba akaja kufundisha Nairobi. Mwingine ni Sam Ntiro wa Tanzania, alisoma hapo, akafundisha, na nchi yake ilipopata uhuru akawa balozi London. Elimo Njau naye, mzaliwa wa Marangu, alitoka Makerere akaja Kenya, akachora ukuta wa kanisa Murang'a, na 1965 akawa kati ya walioanzisha Paa ya Paa pale Nairobi.

Hao watu hawakuanza kama majina. Walianza kama darasa.

Kwa nini wanaonyesha pamoja

Hapa ndio Kikopey inanisaidia kueleza, juu wasee wengi hudhani maonyesho ya pamoja ni ya kuokoa doh ya ukumbi peke yake.

Jiulize kwa nini bucha zote zimerundikana mahali pamoja. Akili ya kawaida ingesema mwenye bucha atoroke washindani, aende kilomita kumi mbele abaki peke yake. Akienda, atalala njaa. Gari zinasimama Kikopey juu Kikopey ni Kikopey. Msee akishuka hajaamua anakula kwa nani, ameamua tu anakula hapa. Bucha moja iliyo peke yake barabarani inaombea gari. Bucha ishirini pamoja zinagawana gari ambazo tayari zimesimama.

Sasa leta hiyo hesabu kwa wanafunzi. Tuseme wako 12, na kila mmoja anaita watu 20: familia, mabeshte, watu wa kanisa. Hao ni watu 240 kwa chumba kimoja. Kati yao, 220 hawajawahi sikia jina lako, na hukutumia hata bando kuwaita. Mjomba wa Kamau amekuja kumpongeza Kamau, lakini ili afike kwa picha za Kamau lazima apite zako. Akisimama dakika mbili kwa yako, hiyo ni bahati ambayo hutaipata tena kirahisi. Mwaka ujao, ukiwa peke yako, hao 220 itabidi uwatafute mmoja mmoja.

Gharama pia inashuka, siwezi dharau hiyo. Kama ukumbi, kuchapisha mabango, misumari, taa na sambusa vimekula 24,000, kila mtu anatoa thao mbili. Peke yako hiyo 24 ni kodi ya keja.

Kuna ubaya wake. Kazi kubwa yenye rangi za kelele inaimeza ile ndogo ya penseli iliyo kando yake. Mtu mmoja mwenye maneno mengi anakula wageni wote, na yule mnyamavu mwenye kazi kali anabaki akishikilia sahani. Kundi pia hugombana: nani anapata ukuta wa mbele ukiingia, nani anawekwa karibu na choo. Hiyo vita ya kuta ni ya kweli, na urafiki wa miaka minne umeshaisha juu ya mita mbili za ukuta.

Ndio maana lazima kuwe na mtu wa kupanga, na heri asiwe na kazi yake hapo ndani. Huyu ndiye anaamua picha gani inakaa na gani, ipi inahitaji nafasi ya kupumua, ipi inarudi nyumbani. Kuna sheria ndogo za ufundi utaziona ukishajua. Picha hutundikwa katikati yake ikiwa kama sentimita 145 hadi 155 kutoka sakafuni, karibu na macho ya mtu mzima aliyesimama. Wasiojua huweka juu kabisa kama saa ya ukutani, halafu mnatoka hapo shingo zikiuma. Taa inamulikia picha kwa mteremko, isirudishe mwanga kwa macho yako. Kando kuna lebo ndogo: jina la msanii, jina la kazi, mwaka, imetengenezwa na nini, vipimo, na wakati mwingine bei. Ukiona kidoti chekundu hapo kwa lebo, hiyo imeshauzwa, wacha kuililia.

Bei inatoka wapi

Swali la kwanza la kila mtu akisoma lebo: "Thao thelathini kwa hii?"

Tuliza. Mbuzi unanunua kwa kilo. Picha pia, amini usiamini, wengi huanzia kwa ukubwa: kanvasi ya mita moja inakuwa ghali kuliko ya nusu mita, hata kama ile ndogo ndio ilimtoa jasho, ili mnunuzi asichanganyikiwe. Halafu kuna vifaa. Rangi nzuri, kanvasi na mbao za fremu ni pesa, na nyingi zinatoka nje ya nchi. Kuna wakati: hiyo picha haikuchorwa wikendi moja, nyuma yake kuna tano zilizokufa. Na ikiuzwa kupitia galari, galari inakata kamisheni, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50. Kwa shoo ya chuo inaweza kuwa kidogo ama isikuwepo. Uliza, si siri.

Kwa hivyo ile thao 30 kwa galari inaweza kumwachia msanii 15. Toa vifaa, toa fremu, toa nauli ya kubeba kitu ambacho makanga anataka ilipiwe kama abiria. Sasa gawa iliyobaki kwa wiki sita za kazi. Boda wa Gilgil atakucheka.

Kama mfuko wako ni mwembamba, tafuta kazi za kuchapa. Hapo msanii anachonga ubao ama lino, anapaka wino, anatoa nakala chache kwa mkono, labda ishirini, na kila moja ameandika namba kwa penseli, 3/20, 4/20 hivyo. Hizo si fotokopi. Ni kazi halali, na bei yake ni ya binadamu. Michoro ya mkaa pia huwa ya bei nafuu, na Kikopey hakuna mtu wa kuelezwa mkaa ni nini.

Mwanamke wa karatasi za sabuni

Sasa nikwambie kwa nini hii kitu ni ya maana kuliko sambusa na picha za kupost.

Rosemary Karuga alizaliwa 1928. Aliingia Makerere 1950, akamaliza 1952, mwanamke wa kwanza kusoma kwa ile shule ya sanaa. Kwa wakati huo hiyo ilikuwa kitu kubwa. Halafu akarudi Kenya, akawa mwalimu, akalea familia, na kama msanii akapotea machoni pa watu kwa miongo mitatu na kitu. Si ati kipaji kiliisha. Maisha tu: hakuna studio, hakuna mnunuzi, hakuna kundi la kukuuliza "leo umefanya nini?"

1987, akikaribia miaka sitini, akaanza tena, hii mara Paa ya Paa, kwa yule yule Elimo Njau aliyetoka shule moja naye. Doh ya rangi hakukuwa. Akachukua karatasi za kufungia sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akabandika. Zikatoka picha za wanawake, kuku, shamba, ukitazama kwa mbali unaapa ni rangi. Miaka mitatu baadaye, 1990, kazi zake zilikuwa New York, Studio Museum in Harlem. Alikufa 2021, na leo huwezi andika historia ya sanaa ya Kenya umruke.

Hesabu: 1952 hadi 1987 ni miaka 35. Watu wakiisimulia hii stori husema "ona, hujachelewa." Mimi naiona upande mwingine. Hiyo ni miaka 35 ya kazi ambazo hatutawahi ziona, na zilipotea si kwa kukosa talanta bali kwa kukosa vitu vidogo sana: mahali, wenzake, na mtu mmoja wa kununua kipande.

Ndio kitu kinachoamuliwa baada ya shoo ya kumaliza chuo. Wiki hiyo wanafunzi wote 12 ni wasanii. Wiki inayofuata chuo kinataka ukumbi wake, studio ya bure imeisha, mashine ya kuchapa imebaki nyuma ya mlango uliofungwa, na kundi limetawanyika: mmoja Eldoret, mmoja Kisii, mmoja amerudi Gilgil kwa mathe. Anaanza kuulizwa "sasa utakula rangi?" Mwenye ameuza picha moja ana jibu la kutoa hapo nyumbani. Ana doh ya kununua kanvasi mbili zingine, na ana namba ya simu ya mtu mmoja ambaye si ndugu yake lakini aliona kitu. Mwenye hakuuza anaenda kutafuta kazi ya kuuza laini za simu, na simlaumu.

Sasa lete Kikopey

Kitu galari zote zinaota ni watu wenye doh kidogo mfukoni, waliotulia, wasio na haraka. Kikopey inao kila siku, na wikendi wanajaa hadi gari zinakosa pa kuegesha. Mtu amekaa dakika arobaini akingoja mbuzi, ameshapiga selfi, ameshanawa mikono mara mbili. Ukuta wa mbele yake una nini? Kalenda ya mwaka juzi na bango la soda.

Na usiniambie watu wa hapa hawajui sanaa. Yule mbuzi aliyechorwa kwa ukuta wa bucha, ametabasamu kama hajui kinachomngoja, ni nani alimchora? Kuna mtu alilipwa kwa hiyo kazi. Kibera kuna kundi linaitwa Maasai Mbili, lilianzishwa 2001 na wachoraji wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota, waliokuwa wakichora mabango ya biashara wakiwa wamevaa kama Wamaasai. Kutoka kwa mabango ya mtaa wakafika kwa maonyesho ya nje ya nchi. Njia kutoka kwa ukuta wa bucha hadi kwa ukuta wa galari ipo, watu walishaipita.

Hata udongo wa hapa uko kwa hii stori. Kilomita chache kutoka kwa hizo bucha kuna Kariandusi, pale Louis Leakey alianza kuchimba mwishoni mwa miaka ya 1920 akatoa shoka za mawe, zingine za obsidiani nyeusi inayong'aa kama chupa, umri wake ukikadiriwa kufika karibu miaka milioni moja. Ziko hapo hapo zilipopatikana, unalipia unaziona. Angalia venye zimechongwa pande zote mbili zikafanana. Kisu cha kuchinja hakihitaji kupendeza hivyo. Na pale kando kuna mgodi wa diatomaiti, ule unga mweupe. Moja ya kazi zake ni kuingizwa kwa rangi ili ising'ae sana ikikauka. Yaani kuna uwezekano rangi ya ukuta wako ina kipande cha Kariandusi ndani.

Halafu Nakuru yenyewe, mwaka 2021, iliingizwa na UNESCO kwa mtandao wa miji ya ubunifu, upande wa ufundi wa mikono na sanaa za jadi. Mwaka huo huo ikawa jiji. Wasee wengi wanakumbuka la jiji wanasahau hilo lingine. Cheo tunacho, kuta za kutundika ndio tunatafuta.

Kuna wenye watasema sanaa lazima ikae kwa galari ndio iheshimike. Waambie waangalie London, 1988. Damien Hirst alikuwa bado mwanafunzi wa Goldsmiths. Badala ya kungoja galari imuite, aliomba jengo tupu la bandari kule Surrey Docks, akakusanya wenzake, jumla wasanii 16, wengi wao wa chuo hicho hicho, wakasafisha, wakapaka rangi, wakatundika. Waliiita Freeze. Eneo lilikuwa la maghala, si la sanaa. Ndani ya hilo kundi kulikuwa na Sarah Lucas, Gary Hume, Mat Collishaw, majina ambayo baadaye yaliendesha sanaa ya Uingereza miaka mingi. Hawakuwa na ukumbi bora kuliko wenzao wa vyuo vingine. Walikuwa na jengo tupu, orodha ya watu wa kualika, na katalogi iliyochapishwa vizuri kama ya watu wazima.

Lakini tusidanganyane, kutundika picha kwa nyama choma kuna ngori zake, na kubwa ni moshi. Moshi wa mkaa na mafuta ya mbuzi hupanda, hushika kitu chochote baridi, na kwa miezi michache kanvasi nyeupe inakuwa ya rangi ya chai. Kwa hivyo si kila kazi inafaa. Kanvasi yenye rangi ya mafuta, weka kwa chumba cha mbali na jiko, ama usiilete. Michoro na chapa za karatasi ziingie chini ya kioo, na fremu ifungwe nyuma kwa utepe. Kazi za bati, mbao, chuma na vigae ndio zake kabisa, unapangusa na kitambaa. Akriliki iliyopakwa vanishi inavumilia kiasi. Na shoo yenyewe ikae siku kumi, si mwaka mzima. Jua la mchana kupitia dirisha kubwa nalo hula rangi, kwa hivyo ukuta unaotazamana na dirisha ni wa kuogopa.

Ngori ya pili ni mkono wa mlevi. Hiyo sina dawa yake, zaidi ya kutundika mahali meza haigusi ukuta.

Ya tatu ni mwenye hoteli: yeye anapata nini? Hapa wanafunzi lazima waongee biashara wasiombe huruma. Kamisheni ya asilimia 15 kwa kila kazi inayouzwa, ukuta wake uliopakwa rangi upya bure, na wageni wa ufunguzi ambao wote watakula. Wageni mia moja wakila nusu kilo kila mmoja, hizo ni kilo hamsini za nyama kwa jioni moja. Mwenye bucha gani atakataa?

Ukifika, usiwe mshamba

Zunguka mara ya kwanza bila kusoma lebo. Ona miguu yako inasimama wapi yenyewe, halafu rudi hapo usome. Yale maelezo marefu ya ukutani yenye "nachunguza utambulisho katika anga ya kisasa" ruka tu, wengi waliandika usiku wa mwisho. Msanii akiwa karibu, usimuulize "hii ni nini?" Muulize "ulianzia wapi kwa hii?" Utapata stori ya kweli. Na ile ya "hata mtoto wangu anaweza chora hii" iache kwa gari.

Kupiga picha, uliza kwanza, na ukipost weka jina la aliyeichora. Hiyo ni matangazo hujalipishwa.

Ukitaka kununua na doh haijakamilika, omba kulipa kwa awamu. Wengi watakubali. Unatuma nusu kwa M-Pesa, kidoti chekundu kinabandikwa, na kazi inabaki ukutani hadi shoo iishe. Kubargain unaweza, lakini si ile ya Kikopey ya kuanzia nusu bei huku ukijifanya unaenda kwa jirani. Chukua risiti yenye jina la msanii, jina la kazi, mwaka, vipimo na sahihi yake, uiweke kama logbook.

Jua pia umenunua nini. Umenunua kile kitu chenyewe, si haki ya kukichapisha. Ukiweka hiyo picha kwa tisheti uuze, ama kwa bango la hoteli yako, umevunja hakimiliki, hata kama ulilipa bei kamili. Na sheria ya hakimiliki ya Kenya ilirekebishwa 2019 ikaweka kitu poa: kazi ya sanaa ikiuzwa tena kibiashara, msanii anastahili asilimia 5 ya bei. Unaweza ona kwa nini inajali. Mwaka huo huo, Novemba, picha moja ya Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi aliyesoma Slade na Royal Academy Schools, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's New York zaidi ya dola milioni 1.5. Mnada kama huo, doh inaenda kwa aliyeleta picha kuuza, si kwa aliyeichora.

Sisemi yule dogo wa Gilgil atafika huko. Nunua juu umependa. Halafu save namba yake, na baada ya miezi sita umpigie umuulize anafanya nini sai, juu hiyo simu ya mnunuzi wa kwanza wengi wao hawajawahi ipokea.

Kitu ya mwisho ni ya usafiri. Picha ibebe imesimama, uso umefunikwa na shuka safi ama karatasi, kwa kiti cha nyuma. Usiiweke kwa buti pamoja na ile kilo mbili ya kupelekea watoto. Mafuta ya mbuzi yakiingia kwa kanvasi hayatoki.